Sheria ya Jumamosi

Sheria yenyewe niliitunga minye, mimi mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu tangu msiba watu wananipa pole, na kila pole inanichoma. Niliitunga, nikaisimamia kwa mdomo huu huu ninaofundishia, na rafiki yangu akaitii mpaka akafa. Madaktari wana jina lao la ugonjwa, waliandike. Minye najua nilichokifanya.

Tulikuwa wanawake watatu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Kifaransa na historia, mtu wa sauti kubwa na hasira za karibu. Wa pili ni muuguzi wa hospitali, mzaliwa wa Nyakabere huko bondeni, mtoto wa wakulima, Mkatoliki wa rozari mkononi, na akishangaa anashangaa kwa Kirundi. Tulimwita Munganga, yaani mganga. Wa tatu alikuwa muuza vitenge wa Kavimvira, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, Mwislamu wa zile familia za Uvira ambazo mababu zao walikuja na biashara ya ziwa. Tulimwita Mama Vitenge kama soko zima lilivyomwita. Mimi aliniita Metresi. Metresi ni mwalimu wa watoto wadogo, alijua hilo linaniudhi, ndiyo maana hakuliacha hata siku moja.

Kila Jumamosi mchana tulitoka. Wengine mjini walituona wapuuzi: wanawake wazima, mishahara haiji, milimani risasi zinalia, wao wanakwenda kukaa kwenye viti vya plastiki na kunywa sikree, soda tamu. Ndiyo, tulikwenda. Mara nyingi ilikuwa kwenye terasi moja ya ufukweni, ya mama mmoja anayechoma mukeke, samaki wa ziwa letu, mpaka ngozi inapasuka, na pilipili yake inakutoa machozi ya heshima. Siku nyingine tulipanda gari mpaka Kamanyola kula mbuzi. Na mara moja kwa mwezi, mpaka ukiwa wazi, tulivuka kwenda Buja, yaani Bujumbura, kunywa kahawa.

Hiyo ya Buja ilikuwa sikukuu. Tuliacha kadi zetu kwenye ofisi ya mpaka, tukapewa karatasi ya siku moja, na kabla ya bariyeri kufungwa jioni tulikuwa tumerudi. Kwa saa nne hizo tulikuwa mabibi. Kafe yenyewe ilikuwa na mashine inayopiga kelele, na kahawa ilikuja na povu, na juu ya povu wamechora jani. Mama Vitenge aliagiza kahawa mbili kila mara. Moja aliinywa, nyingine aliiacha mbele yake mpaka ikapoa. Siku ya kwanza nilimgombeza kwa kuharibu.

"Weye Metresi, hii ya pili iko ya kuangalia," alisema. "Muntu hawezi kuwa na kitu cha kuangalia tu?"

Keki alikula yake, kisha akala na yangu akiniambia nimenenepa. Aliipaka midomo rangi kwenye kioo cha simu, akaifuta mpakani kabla ya kuvuka kurudi, maana mama mkwe wake alikaa nao nyumba moja. Alinunua marashi ya chupa ndogo kuliko kidole, akatupaka sote watatu nyuma ya masikio, na njia nzima ndani ya gari tulinuka harusi. Nilikuwa na furaha siku zile. Nalisema wazi, kwa sababu sasa hata kulikumbuka naona ni wizi.

Sheria ilianza kwa ajili ya Munganga. Masikini, hakuwa na pahali pa kukaa bila mtu kumwonyesha ulimi. Siku hiyo tuko kwenye terasi, samaki amefika, Munganga ndiyo kwanza ametia kidole, akaja mwanamke tusiyemjua, akamfunua mtoto mgongo juu ya meza yetu, upele mpaka shingoni. Munganga akanawa mikono, akamtazama mtoto, akamwelekeza. Hajakaa vizuri, akaja mwingine na goti. Samaki akapoa. Nikaona macho ya rafiki yangu yamejaa machozi ya uchovu, nikapandwa na hasira zangu.

Nikapiga meza. Nikasema kuanzia leo, Jumamosi hakuna ugonjwa hapa. Hakuna vita, hakuna mshahara, hakuna mume wala mama mkwe. Atakayeleta tatizo mezani anavua viatu, anaingia ziwani na nguo zake mpaka magotini, na anasimama humo mpaka nihesabu ishirini kwa Kifaransa.

"Na kiboko akiwa humo?" Mama Vitenge aliuliza.

"Kiboko naye amueleze matatizo yake."

Alicheka mpaka akakohoa. Na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuadhibiwa, wiki ile ile, kwa kusema ushuru wa forodha umepanda. Aliingia majini akiwa ameinua kitenge kwa vidole viwili, akatembea kule ndani kwa maringo, watu wa meza nyingine wakampigia makofi. Munganga aliingia kwa kutaja zamu za usiku. Mimi niliingia mara tatu, zote kwa sababu ya mkuu wa shule. Ilikuwa mchezo mzuri. Baada ya miezi michache terasi nzima iliijua sheria yetu, na mtu akisikika analalamika, hata wa meza ya pembeni, watu waligonga meza: "Ziwani! Ziwani!"

Halafu ukaja mwaka ambao ziwa lilipanda. Maji yalikula nyumba za chini, yakala ukuta wa terasi, na mama wa mukeke akarudisha meza nyuma mara mbili. Ukitaka kumuadhibu mtu ulihitaji hatua tano tu. Kule juu ya bonde nako mambo yalianza kuchafuka, watu wakawa wanateremka na magodoro kichwani, na mimi nikazidi kuwa mkali na sheria yangu. Kila mmoja wetu alikuja na moyo umejaa, nilijua, na wangu ulijaa vilevile. Niliona tukifungua mlango huo mara moja tu, hatutakuwa tena na Jumamosi.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya mvua, viti vimelowa, tumekalia magazeti. Mama Vitenge alichelewa, jambo ambalo si lake. Alikaa bila kumtania mtu. Mukeke alipokuja hakumgusa. Akamgeukia Munganga, akainama karibu naye.

"Munganga, iko kitu nataka unitazamie."

Munganga akaacha kula. Nami, kabla hajafungua mdomo, nikapiga meza.

"Kutazama nini? Leo ni siku gani?"

"Metresi, ni kadogo tu."

"Hata kadogo kanaingia majini. Ziwani!"

Terasi ikadaka. Wakagonga meza, chupa zikaruka, mtu akapiga mluzi. Mama Vitenge akanitazama. Sikuwa mbali naye, mkono wangu ungefika begani kwake. Alinitazama kama mtu anayengoja umalize utani ili aendelee na alichokuwa anasema, na mimi sikumaliza. Nilikuwa nimeshikilia chupa juu, nacheka. Basi akainama, akavua viatu, akavipanga vizuri chini ya kiti, akaenda.

Nilihesabu polepole kusudi. Nilipofika kumi na saba nikajifanya nimesahau, nikaanzia tena kumi, watu wakacheka sana. Yeye alisimama mle ndani akiwa ametupa mgongo, mkono mmoja umeshika ubavu. Hakuringa siku hiyo. Aliporudi, Munganga alimsogezea kiti na kumuuliza, "Ulitaka kusema nini?"

"Aka! Nimeshasahau," akasema. Akamvuta mukeke wake, akammaliza.

Jioni tulipokuwa tunangoja pikipiki, Munganga aliniuliza kama mimi najua alichotaka kutazamwa. Nilimjibu hivi, na maneno haya nayakumbuka yalivyo: "Atakuambia Jumatatu. Ana mdomo." Jumatatu Munganga alikuwa zamu. Jumanne majeruhi walianza kuletwa kutoka bondeni, akawa analala hospitali. Mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mama Vitenge alikuwa dukani kwake tangu alfajiri. Jumamosi iliyofuata tulikutana watatu, tukala, tukacheka, na hakuna aliyemuuliza.

Zilipita Jumamosi nyingi. Niliona mambo, lakini niliyaona kwa macho ya mjinga. Niliona ameacha blauzi zake za kubana. Niliona mkoba umehama bega. Siku moja nilimkumbatia kwa nguvu, akaguna, nikamwambia anazeeka. Mpaka ukawa unafungwa na kufunguliwa, safari za Buja zikaisha. Nyumbani kwake walikuwa wamepokea ndugu waliokimbia, watu kumi na wanne chini ya bati moja, na Jumamosi alikuwa anatoka kwa kuiba saa mbili. Saa hizo mbili nilimpa vichekesho.

Miezi minane baada ya siku ile, Munganga alikuja nyumbani kwangu mchana na gauni la kazi. Alikaa kwenye ngazi, hakutaka kuingia ndani. Mama Vitenge alikuwa ameletwa hospitali na mume wake kwa sababu mkono haukuinuka tena. Munganga ndiye aliyemfunua. Titi la kushoto lilikuwa gumu lote, na limefungua kidonda, na alikuwa amekifunga kwa vipande vya kitenge kipya, safi, vimekunjwa vizuri.

"Anasema kilianza kama punje ya hindi," Munganga akasema. "Anasema alitaka kunionyesha kikiwa punje ya hindi. Uliposema ziwani." Halafu akalia kwa Kirundi, na mimi nikasimama mlangoni nimeshika kitambaa cha kufutia ubao.

Nilikwenda kwake jioni ile ile. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipoingia, yote yakaruka, likabaki moja la kijinga, nikaliuliza kwa ukali kama namwuliza mwanafunzi: kwa nini hukutuambia siku nyingine? Wiki ina siku saba!

Alikuwa ameegemea mito. Hakukasirika. Alinieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Metresi, kitu cha titi hakisemwi kwa simu. Dukani wanaume wamejaa. Nyumbani kwangu, ona mwenyewe, hata kujikuna nitajikunia wapi? Hospitali, weye unaenda hospitali wakati iko vita? Watu wanalala chini na risasi mwilini, minye nipeleke kadogo? Pahali pekee nilipokuwa na Munganga ni pale mezani." Akauvuta mto karibu. "Nikasema, nitangoja. Nitapata siku. Halafu Jumamosi inafika, nawaona namna mulivyo na furaha, nasema acha."

Ninafundisha vijana kutafuta sababu za mambo. Wanaandika: sababu za mbali, sababu za karibu. Nilikaa pale kwenye mkeka na sababu ya karibu ilikuwa mimi.

Daktari aliandika barua, apelekwe Bukavu haraka, huko kuna wanaoweza kupasua na labda dawa. Alisema "labda" mara nyingi. Siku zile njia ya bondeni ilikuwa inafungwa na kufunguliwa, hakuna ajuaye nani ameifunga. Buja nako mpaka ulikuwa umefungwa. Tulingoja wiki mbili. Mume wake akapata gari, akabaki na watoto na wale ndugu, na sisi wawili tukamsindikiza. Munganga alikaa naye nyuma, mimi mbele na barua kifuani.

Tulifika Kamanyola kabla ya adhuhuri. Bariyeri ilikuwa imefungwa, na kabla ya bariyeri kuna mstari wa malori yaliyozimwa. Nilishuka na barua yangu. Nilimsomea askari Kifaransa chote, na mihuri nikamwonyesha. Aliisikiliza. Alimwangalia mgonjwa kupitia dirishani, akamwamkia kwa adabu, akanirudishia barua ikiwa imekunjwa. "Pole, mama. Hakuna anayepita. Murudi." Nilipiga kelele, najua kupiga kelele. Nilimwambia ana mama, ana dada. Akasema ndiyo, anao, na hajui wako wapi. Tulikaa hapo kandokando mpaka jua likageuka, na hakuna kilichobadilika.

Mama Vitenge ndiye aliyesema turudi. Kisha akasema, "Lakini tumeshafika Kamanyola. Tule mbuzi."

Nyumba ile ya mbuzi ilikuwa wazi, sijui kwa nini, na walikuwa na nyama ya sahani tatu tu kwa siku nzima. Tuliagiza. Alichukua kipande kimoja, akakitafuna muda mrefu sana huku akitutazama mmoja mmoja, halafu akakitema kwenye leso. Akanawa vidole.

"Metresi, leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi," akasema. "Basi leo naweza kulalamika."

Na alilalamika. Alianza pale mezani, akaendelea ndani ya gari, tangu Kamanyola mpaka Uvira, barabara yote ile ya mashimo. Sikujua mtu anaweza kuwa na mengi hivyo. Alilalamikia mama mkwe aliyepekua masanduku yake kwa miaka kumi na minane. Alilalamikia mtoto wake wa pili aliyezaliwa amekufa, ambaye hatukuwahi kujua alizaliwa. Alilalamikia vitenge vilivyooza maji yalipopanda, maumivu yanayoanza saa nane za usiku, harufu yake mwenyewe. Alisema anaogopa. Alisema hivyo mara nyingi, kwa sauti ya kawaida: naogopa, naogopa sana, naogopa watoto watamwita nani mama. Miaka sita tulikula pamoja, na ndiyo kwanza nilikuwa nakutana naye.

Karibu na Nyakabere, Munganga alipokuwa anatazama nje mashamba ya kwao yaliyoachwa, niligeuka nikamwambia, "Nisamehe. Siku ile. Nisamehe."

Alifumba macho. "Weye nawe, hiyo unaniletea sasa? Nina yangu ya kutosha." Alisema bila ubaya. Alikuwa amechoka, na sikuirudia tena. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa jibu.

Aliishi wiki tano baada ya hapo. Dawa za maumivu ziliisha mjini wiki ya tatu. Munganga alizitafuta kila pahali, akarudi na vidonge vya kichwa. Sitaeleza wiki mbili za mwisho. Nilikuwa nakwenda kila siku baada ya masomo na kukaa mlangoni mwa chumba, na mara nyingi hakujua ni mimi.

Alizikwa siku ile ile aliyofariki, kabla ya alasiri, kama desturi yao ilivyo. Wanawake wa ukoo walimwosha, wanaume wakamchukua, sisi tukabaki uani juu ya mikeka. Niliketi na Munganga, bega kwa bega, ushungi wa kuazima kichwani. Nje ya ukuta mji ulikuwa kimya, maduka yamefungwa, si kwa ajili yake.

Mama wa marehemu alikuja kukaa mbele yetu. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mwenye Kiswahili safi cha wazee wa mji, kila neno limekaa pahali pake. Alitushika mikono, mmoja huku, mmoja huku. Alitushukuru. Alisema binti yake hakuwa na raha nyingine duniani isipokuwa Jumamosi yake, na kwamba akirudi jioni alikuwa anaimba akivua viatu. Wanawake waliokuwa karibu wakaitika kwa vichwa. Kisha akauliza, na nilijua atauliza, nilikuwa nalingoja swali hilo tangu asubuhi.

"Wanangu, mlikuwa naye kila wiki. Na mmoja wenu ni mganga. Alipoanza kuumwa, hakuwaambia neno?"

Munganga akainamisha kichwa. Nikajua hatasema. Aliniachia mimi, kwa sababu sheria ilikuwa yangu. Uani pote watu walikuwa wamenigeukia. Shangazi za marehemu, dada zake, wauza vitenge wenzake, wote wananitazama, mwalimu, mtu wa kusema.

"Hapana, mama," nikasema. "Hakutuambia kitu."

Mama akatikisa kichwa polepole. Akaachia mikono yetu, akafuta machozi kwa ncha ya ushungi.

"Ndivyo alivyokuwa tangu mtoto. Anaficha, anaficha. Angalisema mapema tu, wallahi angalikuwa hai." Akainua viganja vyake juu. "Mungu amsamehe mwanangu kwa kunyamaza kwake."

Wanawake wote wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia.